Mama wa Mabinti, Inua Kichwa

Mama unayelea mabinti watatu, wanne, watano hapa Kawe, Dar es Salaam, maneno haya ni yako. Umeyasikia tangu leba: hongera, safari ijayo Mungu atakupa wa kiume. Umeyasikia msibani, umeyasikia kwenye kicheni pati, umeyasikia kwa jirani ambaye hata sukari ya kukukopesha hana. Shemeji anakuja, anakunywa chai iliyopikwa na binti yako, anakula chapati zilizosukumwa na binti yako mwingine, halafu anauliza jina la ukoo litabebwa na nani. Wewe unainamisha macho na kucheka kidogo ili yaishe. Nakuomba uache. Huna deni la mtoto wa kiume kwa mtu yeyote.

Tuanze na lawama, maana imewekwa pasipo pake. Mwaka 1905 mtafiti wa Marekani, mwanamke, Nettie Stevens, alichunguza mbegu za wadudu dume na kukuta kwamba ndizo zinazobeba tofauti ya jike na dume. Sayansi ikafuata njia hiyo na haijarudi nyuma: yai la mama ni la aina moja siku zote, mbegu ya baba ndiyo inayokuja kwa aina mbili. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado kuna wanawake mitaani kwetu wanaoletewa mke mwenza kwa sababu ati wanazaa wanawake watupu. Hili linaniuma, na silisemi kwa upole. Mtoto aliyezaliwa akalia, akanyonya, akakua, asiambiwe na mtu kwamba alikuja badala ya mwingine. Mabinti wanasikia. Ukidhani wamelala, wanasikia.

Hoja yangu ni moja, nayo inatoka moyoni, kwa sababu na mimi nalea mabinti. Tunawalea hawa watoto kama wageni. Tunasema mtoto wa kike ni wa kwenda, kesho ataolewa, atakuwa wa watu. Tukishalisema hilo, mambo mengine yote yanajipanga nyuma yake: cheti chake kinafuatiliwa baadaye, ada yake ya masomo ya ziada inasubiri, kiwanja haambiwi kilipo, na anachofundishwa kwa bidii kuliko vyote ni jinsi ya kuhudumia nyumba ya mtu mwingine. Walee kama wenye nyumba. Hata wakiolewa, hata wakihamia Mwanza au Muscat, wabaki kuwa wenye nyumba.

Sasa uone kwanza unachokifanya tayari, kwa sababu wengi wetu hatukioni. Saa kumi na moja alfajiri adhana imeshatoka, maji kama yametoka usiku yako kwenye ndoo, kama hayakutoka unajua ya nani wa kwanza kuoga na ya nani yatabaki ya kuoshea uso. Bafu moja, kioo kimoja, pasi moja, na wasichana wanne wanaotaka kutoka kwa wakati mmoja. Huyu hana soksi, huyu anasema mwalimu ametaka daftari la mistari mikubwa, huyu amekasirika tangu jana na hasemi kwa nini. Chukua sketi ya shule ya yule wa tatu uigeuze ndani nje. Utaona kwenye kitambaa cha bluu alama za pindo la zamani, mstari juu ya mstari, uzi wa rangi mbili tatu tofauti. Sketi hiyo ilishonwa kwa ajili ya mkubwa, ikateremshwa alipokua, ikapandishwa kwa wa pili, ikateremshwa tena, ikapandishwa kwa wa tatu. Miaka ya shule ya watoto watatu imo kwenye pindo lile, na kila mshono umeupiga wewe, usiku, baada ya kutoka kwenye biashara. Aliyeweza hilo ameshajua kupanga bajeti, kusimamia watu na kutazama mbele. Usiruhusu mtu akuambie hujui kitu.

Lakini nataka nikubane mahali pamoja, mama mwenzangu, na hapa nitakaa kidogo. Ni juu ya yule wa kwanza.

Katika nyumba ya mabinti wengi, kifungua mimba huwa mama wa pili kabla hajawa mtu mzima. Anaanza kwa kusaidia, na kusaidia ni jambo jema. Halafu kusaidia kunakuwa zamu, zamu inakuwa wajibu, na wajibu unakuwa jina lake. Ukitoka kwenda Mzimuni kufuata samaki wa kukaanga, mdogo yuko mgongoni kwake, mwiko uko mkononi kwake, na daftari lake la hesabu liko juu ya friji likisubiri usiku. Usiku ukifika anasinzia. Matokeo yakitoka, tunasema huyu kichwa chake kizito, afadhali mdogo wake anaelewa. Si kichwa. Mdogo wake anasoma kwa saa ambazo yeye ndiye aliyezilipia.

Haya ni mambo unayoweza kuyabadilisha wiki hii bila kumwomba mtu shilingi. Gawa kazi kwa zamu, na zamu iandikwe, ibandikwe ukutani pale kila mtu anapoiona. Mwenye miaka saba anaweza kuchambua mchele na kufagia sebule. Mwenye miaka tisa anaweza kuosha vyombo. Mwenye mtihani mwaka huu, kidato cha nne au darasa la saba, apunguziwe zamu mpaka amalize, kisha arudishe kwa wengine wakati wao ukifika. Na baba kama yupo nyumbani, jina lake liwemo kwenye karatasi hiyo hiyo. Atanuna siku mbili. Mabinti wanaomwona baba yao akiteka maji wanaenda duniani wakijua cha kudai.

Nyumbani ukishapanga, kuna barabara. Wanaoishi Kawe wanajua ninachosema. Mwanafunzi analipa nauli ya shilingi 200, na kwa hesabu ya konda hiyo ni hasara, hivyo denti anaachwa kituoni mpaka watu wazima wajae. Anasimama, jua linapanda, anachelewa namba shuleni. Jioni ni hivyo hivyo, giza linamkuta njiani. Hapo ndipo anapotokea kijana wa bodaboda, mstaarabu tu, anasema twende nikusogeze, usinilipe. Kesho lifti, keshokutwa lifti na chipsi, wiki ijayo simu ndogo ya kuwasiliana. Msichana hakutafuta mapenzi. Alitafuta kufika shule.

Ndiyo maana ukali wa mama peke yake hautoshi, na kipigo hakitoshi kabisa. Binti anayeogopa kukwambia kwamba amechelewa kwa sababu ya daladala, hatakwambia kwamba kuna mtu anamngoja kona ya Tanganyika Packers. Mpe nauli kamili na akiba kidogo ya dharura, hata kama utapunguza kitu kingine. Wapange watoto wa mtaa mmoja waende pamoja. Zungumza na akina mama wanne watano, kila wiki mmoja wenu awasindikize mpaka kituoni. Na mwambie binti yako sentensi hii mapema, kabla hajaihitaji: chochote kikikupata, wa kwanza kuambiwa niwe mimi, na nitakusikiliza kwanza kabla ya kupandisha sauti. Ukishaisema, itimize. Siku atakapokuja na jambo dogo ukamrukia, mlango umeshaufunga mwenyewe.

Na sheria uijue, kwa sababu wanaowarubuni watoto wetu wanategemea tusiijue. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, mtu anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, inapigwa bure. Mkikaa kikao cha ukoo mkapokea laki tatu na mbuzi mkayamaliza kinyumbani, mmeuza kesi ya mtoto, na aliyeinunua ataenda kwa mtoto wa jirani. Na kama limeshatokea, binti yako amejifungua, usimzike akiwa hai. Novemba 2021 serikali iliondoa zuio la zamani na kuruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, warudi kwenye shule za mfumo rasmi. Mbebe mjukuu, mshike binti mkono, mrudishe darasani.

Tuzungumze na hili ambalo tunalizungumza kwa kunong'ona. Nyumba yenye wasichana wanne waliovunja ungo, na wewe mwenyewe wa tano, ni taulo za kike kila mwezi kwa watu watano. Hiyo ni fedha. Mwaka 2018 serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo, na mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka kwa mnunuzi. Mimi naona tulistahili kuambiwa nani alikula ile nafuu badala ya kurudishiwa kodi. Lakini wakati hilo likisubiri watunga sheria, mwezi hausubiri. Nunueni kwa jumla Kariakoo, akina mama watatu mkachangia katoni moja. Jifunzeni kushona za kitambaa zinazofuliwa, na zikifuliwa zianikwe juani kama nguo nyingine, zisifichwe chini ya godoro zikiwa mbichi. Binti asikose shule siku tatu kila mwezi kwa sababu ya kitu ambacho ni afya yake. Na baba akitumwa dukani kununua, aende.

Wazee wa Kizaramo, wenyeji wa pwani hii tunayoishi, hawakumwacha mwali ajifunze mwili wake mtaani. Walimweka ndani, wakampa somo, akafundwa. Yapo katika mafundisho yale ambayo nisingependa binti yangu ayapokee, hasa yale yanayomwambia kila kitu chake ni cha mume. Lakini msingi wao ulikuwa imara: msichana ana haki ya kuambiwa na mtu mzima anayempenda, kwa wakati, bila kupindisha maneno. Siku hizi tumeuacha msingi huo, simu ndiyo imekuwa kungwi. Kaa naye wewe. Mwambie damu ni nini, mimba inaingiaje, mjomba gani asimkalie mapajani. Na chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa kwa wasichana mwaka 2018, usiiache impite. Mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ukiletewa fomu ya shule usiogopeshwe na maneno ya vijiweni. Wanaougua saratani hiyo ni akina mama wa umri wetu, wenye watoto wanaowategemea.

Sasa makaratasi. Hapa ndipo mtoto wa kike anapokuwa mgeni au mwenye nyumba kweli kweli.

Nikuelezee habari ya Holaria Pastory. Alikuwa mwanamke wa Kihaya kule Kagera. Baba yake alimrithisha shamba, na hakuishia kutamka kwa mdomo: aliacha wosia halali. Mwaka 1988 Holaria, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi Bernardo. Holaria hakukubali. Alikata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi hiyo, kwa sababu Katiba yetu inakataza ubaguzi. Bibi mzee, shamba la ukoo, na wosia wa baba. Uamuzi huo unasomwa na wanafunzi wa sheria mpaka nje ya Afrika.

Baadaye, mwaka 1999, Sheria ya Ardhi ikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanamume. Miaka 20 baadaye, Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu iliyompa ushindi mwanasheria Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na kwa idhini ya mahakama hata 14, vinapingana na Katiba. Wanawake hawa hawakungoja kuhurumiwa. Walikwenda na karatasi mkononi.

Kwa hiyo, mama, cheti cha kuzaliwa cha kila binti kiko wapi? Kama hakipo, RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanatoa, na usisubiri mpaka amemaliza kidato cha sita, maana mkopo wa chuo unadai cheti kilichohakikiwa, na nimeona wazazi wakihangaika na hilo wiki ya mwisho huku dirisha la maombi linafungwa. Kiwanja mlichonunua na mwenzio, hata kama ni robo ya robo kule Bunju, hati au leseni ya makazi imeandikwa majina ya nani? Kama jina lako halimo, mabinti zako wamesimama juu ya mchanga. Siku mzee akiondoka, watakaokuja na matanga ndio watakaopima vyumba. Zungumzeni mkiwa hai, mkiwa na afya, mkiwa mnapendana. Wosia si uchuro. Baba yake Holaria aliandika, na maandishi yake yalimlinda binti mpaka uzeeni.

Na fedha, waonyeshe. Binti wa miaka kumi na mbili akae nawe unapopiga hesabu ya ndoo ya samaki: imenunuliwa shilingi ngapi, mafuta shilingi ngapi, mkaa, mfuko, aliyekopa na hajalipa, na kilichobaki. Aone mchezo wa kupeana fedha unavyozunguka, aone kwa nini mwezi wa kupokea hununui kitenge kwanza. Kama mna kikundi kilichosajiliwa, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia nne ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarudi mwaka 2024. Ni haki yenu, haihitaji kumjua mtu. Kamwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mkienda, mchukueni mmoja wa mabinti akaandike maelezo ya kikao. Ajue ofisi inaingiwaje. Wasichana wengi wanaogopa ofisi kwa sababu hawajawahi kuona mama yao akiketi kwenye kiti cha ofisi akauliza swali.

Yupo mwanamke ambaye hakuogopa, naye alitoka mji huu huu. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma darasa la nne tu, akajulikana kwenye vikundi vya ngoma. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwakusanya wanawake wa chama cha TANU, aliwafuata huko huko kwenye ngoma na vikundi vyao, nao wakaingia kwa maelfu, akina mama wapika pombe, wauza vitumbua, wengi wao hawajui kusoma. Wanaume wenye elimu walihitaji sauti yake ili wasikilizwe. Binti wa mji, ngoma na sauti. Ukipita barabara yenye jina lake na watoto, waambie huyo alikuwa nani. Na Machi 2021, binti wa Makunduchi, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kuwa Rais. Usimwambie binti yako kwamba hiyo ni bahati ya watu fulani.

Najua umechoka. Najua kuna siku mabinti wanne wanakuzungumzia kwa wakati mmoja na wewe unatamani ukae bafuni ufunge mlango. Funga. Dakika kumi hazitawaua. Mama asiyepumzika anaanza kuwapiga watoto kwa makosa ya dunia, na wewe hukuwazaa kwa hilo. Mwambie mwenzio mwenye mabinti kama wewe mchukuliane watoto Jumamosi moja moja, akae na wako, ukae na wake. Nenda baharini, iko hapo chini, haina kiingilio pale wavuvi wanapopakulia. Kaa, nyamaza, rudi.

Kisha uanze. Jumapili hii jioni waite wote sebuleni, mkubwa mpaka mdogo. Mbandike karatasi ya zamu. Toa mfuko wa nailoni wenye vyeti vya kliniki, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za kiwanja, umwage juu ya meza, wasome mmoja mmoja kwa sauti, mjue kipi kipo na kipi hakipo. Vinavyokosekana viandikwe. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi ofisi za serikali zinafunguliwa. Uwe mlangoni, na binti mmoja pembeni yako.